Thureya Aliyefunga Mwezi Mzima

Kwa jina la Mola anayeipokea saumu ya aliyeweza na udhuru wa asiyeweza. Ajuaye kilichomo matumboni kabla ya mkunga, na kilichomo vifuani kabla ya ulimi. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo, haya ni maungamo ya Thureya, nasi twayaendeleza pale tulipoyaachia.

Kwa asiyekuwapo juma lililopita, na tuwapange watu wake. Thureya ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mkazamwana wa nyumba moja ya ghorofa mtaa wa Kuze. Mumewe ni Abdulghafur, karani wa ghala huko Maskati, ajaye kwao mara moja kwa mwaka. Mkwewe ni Bi Mwanaesha, mjane, hajati, mshika funguo za masanduku yote na kauli ya mwisho ya kila jambo. Wamo pia wifi zake wawili. Na nje ya nyumba hiyo kuna Daktari Naqiya, na muuguzi wake Mbodze, mzaliwa wa Kaloleni aliyepanga chumba Buxton.

Tuliona jinsi ndoa ilivyotimiza miaka sita bila ya mtoto. Tuliona hedhi ya Thureya ikija itakapo, mara baada ya miezi mitatu, mara mitano. Mwili ukamjaa ilhali sahani yake haikuzidi sahani za wenzake. Vikamwota vinywele kidevuni, akawa huving'oa kwa kibano kila asubuhi, mlango ameutia komeo.

Watu walisema ni ulafi. Daktari Naqiya alisema sivyo.

"Ndani ya ovari mayai huanza kupevuka, kisha yakasita," alimweleza. "Hubaki vifuko vidogo vidogo, mfano wa kokwa za pera. Homoni zako zimekwenda upande. Maradhi hunenepesha, na unene nao huyapa maradhi nguvu. Punguza kilo chache, bibi, na huenda mwezi wako ukarudi njiani."

Basi Thureya akanunua raba za turubai. Kila alfajiri, baada ya sala, alitembea hadi mnara wa taa za meli na kurudi. Akaacha sukari, akaacha mahamri. Zikaondoka kilo saba. Mwezi wa Rajabu akaiona hedhi yake, akalia kwa furaha peke yake chooni.

Siri hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe. Na ndipo alipopata habari kuwa Bi Mwanaesha amepeleka posa Kibokoni, kumtafutia Abdulghafur mke wa pili, na kwamba harusi ni Mfungo Mosi, Ramadhani ikishakwisha. Abdulghafur alikuja mwezi wa Shaabani, akakaa siku ishirini, akarejea Maskati bila ya kusema ndiyo wala la.

Hapo ndipo tulipomwacha Thureya. Sasa ni Ramadhani ya mwaka wa tisini na sita, na msiba unaingia kwa mlango wa jikoni.

*

Katika nyumba ya wanawake, Ramadhani haifichi siri. Mwenye hedhi hafungi. Hula jikoni, mgongo ameupa mlango, na wenzake wote humjua. Siku hizo alizokula huzihesabu, akaja kuzilipa baada ya Idi.

Siku ya ishirini na tisa, alasiri, sambusa zikiwa katika mafuta, Bi Mwanaesha akaanza kuwahesabu mabinti zake kwa mwiko.

"Wewe mkubwa una siku sita za kulipa. Na wewe mdogo una saba, na za mwaka jana bado hujazimaliza, mvivu mkubwa!"

"Mama! Zimebaki mbili tu."

"Mbili zenyewe zishaota ndevu."

Wakacheka. Thureya akakiinamisha kidevu chake.

"Na wewe, Thureya, una ngapi?"

"Mimi sina, mama."

"Huna nini?"

"Sina siku ya kulipa. Nimefunga zote."

Mwiko ukasimama hewani.

"Zote? Tangu mwandamo?"

"Zote."

Bi Mwanaesha akamtazama usoni. Akamtazama tumboni, palipokuwa na unene wake wa siku zote. Midomo yake ikahesabu pasi na sauti. Rajabu. Shaabani. Mume alikuwapo.

Kisha akapiga kigelegele kilichotikisa vyombo.

"Kuna nini, Bi Mwanaesha?" jirani akapaza sauti dirishani. "Mwezi umeandama?"

"Umeandama nyumbani kwangu, shoga! Kwenu bado!"

Wifi wakamrukia Thureya shingoni, mikono imejaa unga. Yeye akafungua kinywa. Neno alikuwa nalo. Mama, mimi hupitisha miezi mitano. Mama, usifurahi.

Lakini Bi Mwanaesha alimtangulia.

"Usiku huu huu nampeleka mtu Kibokoni. Posa naiondoa. Sitamletea mke mwenza mwanamke aliyebeba damu yangu."

Thureya akafumba kinywa.

Na moyo wake, ambao ni wakili hodari wa kila mwenye haja, ukamwuliza: kwa nini isiwe kweli? Mola aliyekurudishia hedhi mwezi wa Rajabu anashindwa na lipi?

Akaupa moyo haki. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na mwenyewe ameliungama.

*

Idi ikapita, akawa malkia wa nyumba.

Asubuhi moja ya Mfungo Mosi alijitanda, akaenda kwenye ngazi kuzitafuta raba zake. Hazikuwapo.

"Nimezitia sandukuni," Bi Mwanaesha akasema, funguo zinalia kiunoni. "Mja mzito hazunguki mji kama tarishi."

"Kutembea kwanipa afya, mama."

"Afya yako iko kwenye sahani. Kaa."

Akaletewa bokoboko, samli imesimama juu yake kama dimbwi. Adhuhuri akaletewa wali wa nazi na nyama ya mafuta. Magharibi, uji wa ngano na tende. Akikataa, mkwewe humshika kidevu kile kile anachokificha, akamlisha kwa mkono wake.

"Huli kwa ajili yako. Kula, mwanangu, usinitie aibu."

Miaka sita Bi Mwanaesha hakupata kumwita mwanangu. Thureya akala. Alikula wali pamoja na jina hilo, na hakujua ni kipi kati ya viwili hivyo alichokuwa na njaa nacho.

Buibui likaanza kumbana mabegani. Wifi wakafurahi. "Huyo ni mwanamume," wakasema, "wanaume hujaza."

Jumamosi moja akaitwa dukani kwa Allarakha, muuza kanga wa Barabara ya Biashara, sahibu wa marehemu baba mkwe wake. Huko ndiko zilikokuja simu za Abdulghafur.

"Zungumza, bibi," mzee Allarakha akamwambia, akimpa mkono wa simu. "Mimi sisikii kitu. Masikio nimeyaziba kwa marekani, yadi mbili kila upande."

"Thureya?" sauti ikatoka mbali. "Mama amesema kweli?"

"Amesema alivyosema, Abdulghafur."

"Nataka kulisikia kwako."

Thureya akauzungusha waya wa simu kidoleni. Ng'ambo ya pili akasikia mtu akivuta makamasi, kisha akijaribu kuyafanya kikohozi.

"Walia?"

"Silii. Vumbi la ghala." Akacheka, akalia wazi. "Thureya, ile posa ya Kibokoni sikuitaka. Wallahi sikuitaka. Nilimwogopa mama, nikanyamaza. Sasa Mungu ameniondolea haya ya kumkatalia. Nimeomba ruhusa kwa mkubwa wangu. Nitakuja."

"Lini?"

"Wakinipa tu. Wakinipa leo, nitapanda leo."

Akaweka simu chini. Mzee Allarakha alikuwa akiifunga doti moja laini kwa kamba.

"Ya mbeleko," akasema. "Si ya kuuza. Yangu mimi."

*

Mwezi ukapita, ukaingia Mfungo Pili. Hedhi haikuja; lakini hakuna kichefuchefu, hakuna kizunguzungu, hakuna titi kuuma. Kiu tu, na uzito, na usingizi wa mchana.

Jumatano Bi Mwanaesha akaenda hitimani Ndia Kuu. Thureya akajitanda, akatoka na makubadhi, akaenda Makadara kwa Daktari Naqiya.

Mbodze ndiye aliyempandisha kwenye mizani. Akausogeza ule uzani, akausogeza tena, akafuta miwani yake.

"Dada Thureya, mizani hii imekukosea adabu, au ni wewe uliyemkosea daktari?"

"Soma tu, Mbodze."

"Zile saba zimerudi. Na zimekuja na wageni wawili."

Thureya akamweleza yote, amesimama pale pale juu ya mizani, kama mtu aliyepanda mahakamani. Mbodze hakucheka tena. Akampa kikopo cha mkojo, akamtoa tone la damu kidoleni, kisha akamlaza kitandani.

Daktari Naqiya akampaka ute wa baridi tumboni, akapitisha chombo chake, macho kwenye kioo cha mashine. Akakipitisha tena, na tena.

"Bibi Thureya, mkojo umesema hapana. Na picha nayo yasema hapana."

"Tazama tena, Daktari."

"Nimetazama mara tatu."

"Labda ni mdogo. Labda amejificha."

Daktari akakigeuza kioo upande wake. "Huu ndio mji wa mimba. Ni mtupu. Na hivi vyeusi pembeni, vilivyojipanga kama shanga, ni vifuko vile vile. Vimeongezeka."

Thureya akaitazama ile nyumba tupu. Alikuwa amekwisha kumpa jina mwenyeji wake.

"Na sukari ya damu imepanda," Daktari akaendelea taratibu. "Si adhabu, na si kosa lako kuwa na maradhi haya. Lakini chakula wanachokupa kinayalisha maradhi. Rudi njiani. Ulifika mbali, mimi mwenyewe nilijivuna nawe."

Mlangoni Mbodze akamshika mkono.

"Mwambie mama mkwe leo, dada. Uwongo nao una mimba yake, na ile haiharibiki. Huzaliwa tu."

*

Alikusudia kumwambia. Alipanda ngazi za nyumba akiyapanga maneno kama mtu apangaye beti.

Bi Mwanaesha alikuwa amesimama juu, amerudi mapema kuliko kawaida.

"Watoka wapi?"

"Mama, nina neno..."

"Umekwenda kutembea! Jua hili! Nimekufungia viatu, umekwenda na makubadhi!"

"Mama, nisikilize kwanza."

"Wataka kumwua mjukuu wangu?" Sauti yake ikashuka ngazi zote, ikatoka barabarani. "Yeye si wako peke yako! Muuaji we!"

Akaubamiza mlango. Thureya akabaki gizani kwenye ngazi, neno lake mkononi kama sadaka iliyokataliwa.

Usiku ule hakusema na mtu. Na Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, akahisi maumivu ya kiuno anayoyajua, na damu ikaja. Ikaja nyingi, kama ijavyo kwake baada ya miezi minne ya kuzuiliwa. Shuka ikaloa hadi godoro.

Wifi mdogo ndiye aliyeingia na chai. Sinia likaanguka.

"Mama! Mama! Imetoka!"

Nyumba nzima ikalia. Thureya akainua mkono, akataka kusema, wakamlaza. Wakamkanda, wakamfunika. Kila alipofungua kinywa, mkono wa mtu ulimwekea maji ya sukari.

Basi fikiri, msomaji, jinsi shetani alivyo stadi wa kufungua milango. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Asingehitaji kusema uwongo hata mmoja. Angelala tu, akanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya sambusa. Wangemlilia siku tatu, wangemhurumia mwaka. Nani angethubutu kupeleka posa tena, maziko yakiwa mabichi? Na Abdulghafur angekuja, akamshika mkono, akamwambia: tutajaribu tena.

Thureya akafumba macho. Kwa kitambo, anasema mwenyewe, aliuridhia.

Kisha akasikia sauti chumba cha pili. Bi Mwanaesha alikuwa akizungumza peke yake.

"Ni mimi. Ni sauti yangu. Nilimpigia kelele ngazini, nikamshtua. Nimemwua kwa kinywa changu. Mjukuu wangu nimemwua kwa kinywa changu."

Akasikia ufunguo. Akasikia kifuniko cha sanduku kikiinuka.

Akajikokota hadi mlangoni. Bi Mwanaesha alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la njumu, magotini ameweka kitambaa cheupe. Thureya alikijua. Kila mtu katika nyumba ile alikijua. Ilikuwa sanda yake mwenyewe, aliyoifua kwa maji ya Zamzam alipokwenda kuhiji, akaikunja, akaitia udi, akausia kwamba asizikwe na nyingine.

Mkononi alikuwa na mkasi.

"Mama, wafanya nini?"

"Rudi ukalale, mwanangu. Namkatia kipande. Hata akiwa tone la damu, hatakwenda ardhini uchi."

"Mama, weka mkasi."

"Kinatosha shibiri moja tu. Mimi nitaenea kwenye kilichobaki."

"Weka mkasi, nakuomba. Hakuna wa kumvika."

Lakini mkasi ulikuwa umekwisha kufumba. Shibiri moja ya bafta ikaanguka mapajani mwa yule mzee.

Thureya akakaa sakafuni, damu na yote.

"Hakukuwa na mtoto, mama. Hii ni hedhi. Hukumshtua mtu. Hukumwua mtu. Mimi ni mgonjwa tangu usichana wangu. Mwezi wangu hupotea, ndipo nikafunga Ramadhani nzima. Jana nilikwenda kwa daktari. Kizazi ni kitupu, mama. Kilikuwa kitupu siku zote."

Bi Mwanaesha akauweka mkasi sakafuni. Wifi walikuwa wamekwisha kufika mlangoni.

"Wajua tangu lini?"

"Kwa yakini, tangu jana. Pasi na yakini, tangu ile siku."

"Na ulinyamaza."

"Ulisema waiondoa posa."

Bi Mwanaesha akakigeuza kile kipande, akakigeuza tena.

"Yana jina maradhi hayo?"

Thureya akamwambia jina. Akamweleza vifuko, na homoni, na ule unene usiotokana na sahani.

"Na zile raba?"

"Zilikuwa dawa, mama."

"Na bokoboko langu?"

Thureya akainama. Machozi yalimjibia.

"Kumbe nilikuwa nakuongezea maradhi kwa mkono wa kulia, nikisema bismillahi." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyeonywa. "Na wewe ukala."

"Uliniita mwanangu."

Bi Mwanaesha akaangalia pembeni. Chini barabarani mtu alikuwa akimwita kwa haraka. Alikuwa mtumishi wa dukani, sauti yake ikapanda dirishani:

"Bi Mwanaesha! Mzee Allarakha asema, simu ya Maskati! Abdulghafur amepewa ruhusa! Atua kesho Ijumaa, na kitanda cha mtoto amekinunua!"

Wifi mdogo akalifunga dirisha.

Bi Mwanaesha akainuka kwa kushika ukuta. Akaingiza mkono hadi chini ya sanduku, akatoa zile raba za turubai, nyeupe, bado zina mchanga wa pwani. Akaziweka mbele ya Thureya.

"Jitengeneze. Kisha vaa."

"Twenda wapi, mama?"

"Vaa, nimesema."

Wakashuka. Ile shibiri ya sanda Bi Mwanaesha hakuirudisha sandukuni. Ilikuwa ndani ya ngumi yake, chini ya buibui. Walipofika mdomo wa kichochoro, njia ziligawanyika. Mkono wa kulia ni Kibokoni, kwenye nyumba ya ile posa. Mkono wa kushoto ni Makadara, kwenye mlango wa Daktari Naqiya.

Bi Mwanaesha akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mkono wake mtupu ukamtafuta Thureya, ukamshika kwa nguvu. Naye hakuweza kujua ameshikwa kama ashikwavyo mwana au kama ashikwavyo mshtakiwa.

"Mama?"

Mzee akaikaza ngumi yenye ile shibiri. Wapita njia waliwapita huku na huku, wao wamesimama.

Mola awahifadhi waliosimama njia panda, na ampe subira yule ajaye na kitanda kisicho mtoto. Awape faraja wale wifi wawili waliobaki ghorofani wakisugua godoro, na kila mwanamke ahesabuye siku zake kimyakimya, mgongo ameupa mlango.

Ya Rabi uwarehemu
wanaolala na hamu,
uwaondolee ghamu
waliobaki nyumbani.

Amin.